Mbuzi wa shangazi na suala la kumjua aliye wako

Jumamosi moja kabla ya Idi ya kuchinja, mbuzi wa shangazi yangu kule Mtongwe alizaa pacha. Mtoto wa kwanza alitoka bila taabu na mamake akaanza kumramba. Wa pili alipodondoka, mpwa wangu wa miaka minane, aliyekuwa akichungulia bandani, alimuona amejaa ute na mchanga akamuonea huruma. Alimchukua hadi bombani, akamuosha kwa sabuni ya unga, akamfuta kwa leso ya nyanyake, kisha akakaa naye barazani juani mpaka akakauka. Ilipita zaidi ya saa nzima. Alipomrudisha, mtoto safi ananukia, mbuzi alimnusa mkiani mara moja, akarudi nyuma, akampiga kichwa. Kitoto kikabiringika hadi ukutani.

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mumemuosha!" alisema. "Sasa mamake atamjuaje?"

"Lakini si ni yeye aliyemzaa, nyanya?" mtoto akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Amemzaa, ndiyo. Lakini hakumnusa."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Na kama kwamba hayakutosha, wiki hiyohiyo suala lilelile la kumjua aliye wako na asiye wako lilizuka kwetu kwa njia nyingine, safari hii likihusu watu na posa, na mwenye jibu akawa ni shangazi huyohuyo. Hilo nitalifikia. Mimi si mtaalamu wa wanyama, diploma yangu ni ya uhasibu, lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya namna wanyama wanavyowatambua jamaa zao, na nimeona nisikae nayo peke yangu.

Nianze na mbuzi mwenyewe, maana wengi wetu tumefuga ama tumekaa jirani na mfugaji, na bado hatujui kinachopita pale bandani. Mbuzi anapozaa, njia ya uzazi ikitanuka ili mtoto apite, mwili wake humwaga homoni iitwayo oksitosini. Kwa muda mfupi baada ya hapo, pua na ubongo wake huwa tayari kujifunza harufu moja: ya huyu aliyedondoka sasa hivi. Ule ute anaouramba ndio unaomvuta. Anaporamba anamsafisha mtoto, kweli, lakini pia anamsoma. Akishamsoma, mlango unafungwa. Mwengine yeyote atakayekuja kutafuta chuchu, hata awe wa rangi ileile na umri uleule, atapigwa kichwa.

Mwaka 1964 mtafiti Peter Klopfer na wenzake huko Marekani walieleza jaribio walilolifanya juu ya jambo hili. Waliwaondoa watoto wa mbuzi mara walipozaliwa, kisha wakawarudisha baada ya saa moja hadi tatu. Mama aliyepewa dakika tano na mtoto wake kabla hajachukuliwa, alimpokea tena. Aliyenyimwa hizo dakika tano aghalabu alimkataa mtoto wa tumbo lake kama anavyomkataa wa jirani. Dakika tano! Ni muda wa kungojea chai ichemke. Mpwa wangu masikini alimchukua yule mtoto katika dakika zile zile ambazo hazirudi, tena akamalizia kwa sabuni.

Sauti nayo ina kazi yake. Harufu inafaa ukiwa karibu, lakini kundi likitawanyika machungani, mama humtafuta mwanawe kwa mlio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walichapisha matokeo yao mwaka 2012 wakionyesha kwamba mbuzi bado huitambua sauti ya mwanawe miezi mingi baada ya kuachishwa ziwa, hata kama ameshazaa wengine katikati. Yule mtoto mwenyewe wakati huo ameshakuwa mbuzi mzima. Nilipomsomea shangazi habari hii alicheka tu. Kwake haikuwa habari.

Wafugaji wa zamani, huku kwetu na kwengineko, walikuwa na hila zao. Mtoto wa kondoo akifa na mwengine akawa yatima, huchuna ngozi ya aliyekufa wakamvisha yatima kama kanzu. Mama ananusa, anasikia harufu ya wake, anatulia. Shangazi hakuwa na ngozi, alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo, akamkamua maziwa kidogo akampaka yule mtoto mgongoni na mkiani, akamsukuma anyonye kwa nyuma huku yeye ameshika miguu ya mbuzi na anamtukana taratibu. Alifanya hivyo asubuhi, mchana, jioni na usiku. Alisema maziwa yakishapita tumboni mwa mtoto yakatoka nyuma, harufu itakuwa yake. Siku ya nne nilipopita niliwakuta pacha wote wawili wananyonya, mbuzi anatafuna maganda ya ndizi kana kwamba hapakuwa na neno.

Hapo ndipo penye siri yenyewe, kwa nilivyoelewa. Hakuna mnyama anayeiona damu. Mbuzi hajui kwamba "huyu ni wangu" kwa maana tunayoijua sisi. Anachokijua ni alama: harufu iliyokuwepo dakika zile, sauti aliyoizoea, mahali walipolala pamoja. Alama hizo aghalabu huenda sambamba na damu, kwa hivyo mnyama akizifuata hakosei. Lakini neno ni hilo, aghalabu. Alama ikibadilishwa, mnyama anabadilika nayo.

Aliyewahi kuatamisha mayai ya bata chini ya kuku ameliona hili. Vifaranga vya bata vikianguliwa vinamfuata kuku uani kutwa, na siku vitakapoingia dimbwini kuku anabaki ukingoni anahangaika. Kifaranga cha bata hakizaliwi kinajua mamake ana sura gani. Kinazaliwa na amri moja: mfuate yule wa kwanza unayemuona akitembea. Konrad Lorenz, mtaalamu kutoka Austria, aliwafanya mabata bukini wamfuate yeye kila aendapo, kwa sababu walipoangua macho yao yalimuangukia yeye. Kazi yake juu ya tabia za wanyama ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Na sisi wa Mombasa tuna mfano wetu, uliozunguka dunia nzima. Desemba 2004, tsunami ilipopiga, kiboko mdogo alikwama baharini karibu na Malindi, pale Mto Sabaki unapomwaga maji, akiwa hana mama wala kundi. Watu walihangaika naye mpaka wakamnasa, akaletwa Haller Park, Bamburi, akaitwa Owen. Kutolewa tu kwenye kamba alikimbilia kwa kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130, akajificha nyuma yake. Mzee mwanzo alimkimbia na kumfokea. Owen hakubanduka. Baadaye wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaogelea pamoja. Mimi nilikwenda kuwaona na wanangu, na wageni waliojaa pale walikuwa wanafuta machozi wakisema huu ni upendo. Sina ugomvi na upendo. Ila mtoto wa kiboko huishi kwa kukaa ubavuni mwa kitu kikubwa cha duara, cha kijivu, kinachokwenda pole pole, na pale Haller Park kitu cha namna hiyo kilikuwa ni Mzee. Alama ilikuwepo, damu haikuwepo. Baadaye Owen aliwekwa na kiboko mwenzake, Cleo, na akajifunza kuwa kiboko.

Sasa kwa nini mnyama ajisumbue na haya yote? Kwa nini mbuzi asinyonyeshe yeyote mwenye njaa? Jibu liliwekwa kwenye hesabu na Mwingereza W. D. Hamilton mwaka 1964. Alisema tusimtazame mnyama peke yake. Tutazame urithi wa mwili anaoubeba, zile jeni, ambazo jamaa zake nao wanazo. Ndugu wa baba na mama mmoja wanashirikiana nusu. Ndugu wa baba mmoja ama mama mmoja, robo. Binamu, thumuni. Aliyewahi kukaa kwa kadhi kugawiwa mirathi hatashangazwa na mafungu kama hayo, ingawa hii ni hesabu nyengine kabisa. Hamilton akasema kitendo cha kumsaidia jamaa kitaenea vizazi kwa vizazi ikiwa faida anayoipata jamaa, ukiizidisha kwa fungu la undugu, inazidi hasara ya anayesaidia. Inasimuliwa kuwa mwanasayansi mwengine wa Uingereza, J. B. S. Haldane, alikuwa ametania kabla ya hapo kwamba yuko tayari kujitosa mtoni kuokoa ndugu wawili ama mabinamu wanane. Mnyama hapigi hesabu hiyo, bila shaka. Hesabu imeshapigwa muda mrefu kabla yake, yeye amerithi tabia tu.

Ushahidi mzuri ulitoka kwa kindi wa ardhini wa milima ya California. Paul Sherman aliwafuatilia miaka mingi, na mwaka 1977 akaeleza alichokiona. Adui akitokea, kindi mmoja husimama akapiga kelele kuwaonya wengine, na anayepiga kelele anajiweka hatarini maana adui anamuona yeye kwanza. Basi ni nani hupiga kelele? Majike, hasa wenye mama, dada au mabinti karibu. Madume, ambao hutoka walikozaliwa na kwenda kuishi mbali na jamaa zao, hunyamaza wakaingia shimoni. Nikisoma hapo niliwakumbuka watu fulani wa mtaa wangu, lakini tuyaache.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mnyama kumjua wake. Kuna wanyama wanaojua zaidi ya hapo: wanajua nani ni wa nani. Na hawa wako kwetu. Ni tumbili, wale wale wanaotuibia mandazi mezani Diani na kung'oa mabati yetu.

Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, wataalamu wa Marekani, walikaa na tumbili wa Amboseli. Walinasa sauti za watoto wa tumbili wakipiga mayowe, zile kelele za mtoto anayeonewa na mwenzake mchezoni. Kisha wakaficha spika kichakani, wakangojea majike kadhaa wakae pamoja bila yule mtoto kuwa karibu, wakaicheza ile sauti. Mama wa mtoto aligeuka kukitazama kichaka. Hilo halishangazi. La kushangaza ni wale majike wengine. Wao hawakutazama kichaka. Walimtazama mama.

Soma tena kama mimi nilivyosoma tena. Walisikia sauti ya mtoto, wakajua ni mtoto wa nani, wakamgeukia mwenyewe kana kwamba wanamuuliza, "Wewe, mwanao huyo, utafanyaje?" Hiyo ilichapishwa mwaka 1980. Si mambo ya uani kwetu hayo? Mtoto akilia kichochoroni, kabla hujajua kimetokea nini, akina mama watano barazani wameshamgeukia wa sita.

Na tumbili hawakuishia hapo. Watafiti hao hao waliona kwamba tumbili wawili wakigombana, baadaye jamaa wa mmoja huwa mwepesi zaidi kumtishia jamaa wa mwengine, ingawa wao wawili hawana kisa baina yao. Ugomvi wa watoto umeingia wakubwa. Binamu zao nyani hapo hapo Amboseli nao walitoa ajabu yao. Jike la nyani hupandwa na madume kadhaa, hivyo ilidhaniwa dume hawezi kujua mwanawe ni yupi. Watafiti walipima vinasaba, wakachapisha mwaka 2003 kwamba nyani dume, watoto wanapopigana, humtetea zaidi yule aliyemzaa yeye. Bila cheti wala mahakama ya watoto.

Kuna mwengine wa Kenya ambaye sura yake haivutii, lakini kisa chake kimenigusa kama mtu wa Pwani. Ni fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi katika sehemu kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia. Wanaishi makumi kwa makumi, pengine hadi 300, chini ya malkia mmoja anayezaa peke yake. Karibu hawaoni kitu. Wakipishana gizani husalimiana kwa mlio mfupi. Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi Berlin walionyesha kwamba kila kundi lina lahaja yake ya salamu hiyo, na fuko huijibu zaidi lahaja ya kwao. Mgeni anayeingia anaweza kuuawa. Walichukua watoto wachanga wakawalea katika makundi mengine, nao wakakua wanatoa lahaja ya walezi wao. Na malkia alipoondoka, lahaja ya kundi ilianza kuvurugika, kila mmoja akilia kivyake, mpaka malkia mwengine aliposimama.

Kwetu mtu akifungua mdomo tu unajua huyu wa Amu, huyu wa Siyu, huyu wa Mvita, huyu wa Vanga. Tunacheka, tunataniana. Fuko hawataniani.

Ndovu ndio ningependa niwaeleze kwa kirefu. Familia ya ndovu ni majike: bibi, mabinti, wajukuu, na watoto wa kiume ambao hawajaondoka. Bibi mkubwa ndiye anayeongoza. Karen McComb na wenzake walitumia mbinu ya spika huko Amboseli, mahali ambapo Cynthia Moss alianza kuwaandika ndovu familia kwa familia mwaka 1972. Walicheza miito ya ndovu tofauti. Familia ikisikia mwito wa jamaa ama wa familia waliyoizoea, hutulia. Ikisikia mgeni hujikusanya, watoto katikati, mikonga juu. Mwaka 2001 walieleza kwamba familia zilizo na bibi mwenye umri mkubwa zilikuwa hodari zaidi wa kutofautisha mzoefu na mgeni, na pia zilipata watoto wengi zaidi. Vijana wa familia zile hawajui walichookolewa nacho. Bibi anajua nani ni nani, basi hawapotezi siku nzima kukimbia watu wasio na neno.

Kisha watafiti hao wakaenda Pilanesberg, Afrika Kusini. Kule kuna ndovu waliohamishwa wakiwa wadogo kutoka Kruger, baada ya wakubwa wao kupigwa risasi kwa mpango wa kupunguza idadi. Walikua bila bibi. Wameshakuwa ndovu wazima, wananenepa, wanazaa, ukiwatazama huoni kasoro. Spika ilipochezwa, hawakuonyesha kutofautisha sauti ya waliyemzoea na ya mgeni kama ndovu wa Amboseli walivyofanya. Hiyo ilichapishwa mwaka 2013, miongo kadhaa baada ya risasi zile. Tukifikiria Tsavo yetu, na majangili waliokuwa wakiwalenga wenye pembe kubwa, yaani wakubwa kwa umri, tunaweza kukisia kilichochomwa pamoja na tani 12 za pembe alizowashia moto Rais Moi mwaka 1989. Pembe zilihesabiwa. Kilichokuwa kichwani mwa kila bibi hakikuhesabiwa.

Faida nyengine ya kumjua jamaa ni kutompanda. Watoto wa jamaa wa karibu hupatwa na maradhi na udhaifu kwa urahisi, hilo wafugaji wanalijua, ndio maana beberu hubadilishwa. Ndovu wa Amboseli walipopimwa vinasaba, ilionekana madume huwaepuka majike walio jamaa zao. Kwa binadamu, msomi wa Finland, Edvard Westermarck, aliandika mwaka 1891 kwamba watoto waliolelewa pamoja tangu wachanga huwa hawatamaniani wakikua, wawe ndugu wa damu au wasiwe. Arthur Wolf alilithibitisha Taiwan, ambako zamani familia zilikuwa zikimchukua msichana mchanga na kumlea pamoja na mvulana atakayekuja kumuoa. Ndoa hizo zilikuwa na talaka nyingi zaidi na watoto wachache kuliko nyengine. Alama ilikuwepo, damu haikuwepo, kama Owen na Mzee.

Sasa nirudi kwenye ile posa.

Binamu yangu, kitinda mimba wa shangazi, ana miaka thelathini na mbili. Alikuwa amepata msichana wa Likoni, mwenye adabu na kazi yake, na nyoyo zilikuwa zimeridhiana. Wanawake wa upande wao walikuja Mtongwe kujuana. Haluwa imekatwa, kahawa imemiminwa, maneno yanakwenda vizuri. Shangazi akamtazama mama wa msichana kwa muda, akamuuliza, "Wewe, mwanangu, mamako nani?" Yule mama akataja jina la mamake, marehemu, akasema na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Mtongwe kabla hawajahama. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Wewe nilikunyonyesha mimi," alisema. "Mamako alilazwa ulipokuwa na siku kumi. Miezi miwili ulilala kwangu, ziwa hili wewe, ziwa hili mwanangu wa kwanza."

Waislamu wenzangu wameshaelewa. Kwa wasomaji wasiojua: katika dini yetu, mtoto akinyonya kwa mwanamke asiyekuwa mamake kabla hajatimiza miaka miwili, na kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wa Pwani ikiwa ni minyonyo mitano na zaidi, basi yule mwanamke ni mamake na watoto wake ni ndugu zake. Kuoana ni haramu kama ndugu wa damu. Kwa hivyo mama wa msichana ni dada wa binamu yangu, na binamu yangu ni mjomba wa msichana aliyetaka kumuoa. Tuliwauliza wanaojua, sikutegemea diploma yangu. Jibu lilikuwa lile lile.

Binamu yangu hakusema kitu. Alitoka, akateremka kivukoni, akarudi usiku. Msichana nilisikia alilia siku tatu. Hawakuwa wamelelewa pamoja, hawakuwahi kuonana, hakuna harufu wala sauti ingewaonya. Hakuna mahali popote palipoandikwa. Alama pekee ilikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja wa miaka sabini, na lau yule mama wa Likoni angetumwa shangaziye amwakilishe siku ile, nikah ingepita.

Yule mama sasa huja Mtongwe kila Ijumaa. Huleta samaki ama viazi karai, na humwita shangazi "mama". Alimpoteza wake zamani.

Mimi nilinunua daftari. Siku hizi shangazi husahau alipoweka miwani, humwita mpwa wangu kwa jina la babake, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikaa naye barazani baada ya Isha, nikamwambia anitajie wote aliowahi kuwapa ziwa, jina, jina la mama, mwaka, na mara ngapi. Alihesabu kwa vidole. Sita walikuja upesi, nikawaandika, wawili kati yao nawajua na wana watoto wa kuoa. Wa saba akasema alikuwa mtoto wa jirani aliyekuwa akiuza mkaa, walihamia Ukunda.

"Yupi? Walikuwa wawili, shangazi. Mkubwa ama mdogo?"

Akafumba macho. Bandani mbuzi alilia, na kitoto kimoja kikamjibu.

"Ngoja," akasema. "Usiandike. Ngoja nikumbuke."